Herufi za Waturkmeni hazikuzuka kichwani mwa mtu mmoja

Turkmenistan, nchi ya Asia ya Kati iliyokuwa ndani ya Muungano wa Kisovieti, ikitajwa, kinachofuata ni Saparmurat Niyazov: rais aliyejiita Türkmenbaşy, yaani kiongozi wa Waturkmeni, akasimamisha katika mji mkuu, Ashgabat, sanamu yake ya dhahabu iliyozunguka kulifuata jua, na mwaka 2002 akabadili hata majina ya miezi. Katika kapu hilohilo hutiwa amri yake ya Aprili 1993, iliyowataka Waturkmeni waache herufi za Kikirili, yaani zile za Warusi, na kuandika kwa Kilatini, yaani herufi kama hizi zetu. Miezi ilirudishiwa majina yake mwaka 2008, miaka miwili baada ya kifo chake, na wapo wanaosema hata herufi ni bora zingeachwa zilipokuwa. Hoja yao ina uzito, nami nitaifikia. Ila kuchanganya herufi na miezi ni kuwakosea Waturkmeni wenyewe.

Kiturkmeni kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu hadi miaka ya 1920. Mwaka 1926 wataalamu wa lugha za jamii ya Kituruki walikutana Baku, Azerbaijan, wakaunga mkono Kilatini, na mwishoni mwa muongo huo ndicho kilichoingia shuleni. Kufikia 1940 utawala wa Moscow ulikuwa umekiondoa na kuleta Kikirili. Sasa mchukue mtoto aliyezaliwa karibu na Ashgabat mwaka 1920. Vitabu vya babu yake ni vya Kiarabu. Yeye anafunzwa Kilatini. Ana miaka 20 anapoambiwa aanze upya kwa Kikirili. Akijaliwa kufika 73, anamwona mjukuu wake akiletewa Kilatini kingine, kisichofanana na kile cha utoto wake. Lugha ya mama yake ni ileile, lakini kila akizoea kuisoma inageuzwa sura. Sisi Waswahili tulihama mara moja tu, kutoka hati ya Kiarabu hadi ya Kilatini, na mpaka leo miswada ya tenzi za Lamu na Pate inawasubiri wachache wanaoweza kuisoma. Kwao imekuwa mara tatu, ndani ya miaka isiyofika 70.

Kwa hiyo Kilatini cha 1993 hakikutoka hewani. Kilikuwa kimewahi kuwapo kikanyang'anywa. Tena sheria iliyofanya Kiturkmeni kuwa lugha ya dola ilipitishwa mwaka 1990, Muungano wa Kisovieti ukiwa bado umesimama, na Azerbaijan na Uzbekistan nazo zilichagua Kilatini kwa sababu zizo hizo.

Wapinzani wanasema: je, vitabu vya miaka 50? Riwaya, kamusi, vitabu vya tiba na uhandisi, vyote viliandikwa kwa Kikirili, na kijana wa leo havimsomeki kwa urahisi. Ni kweli, na ni hasara kubwa. Haraka nayo ilileta aibu. Katika alfabeti ya kwanza ya 1993, sauti yetu ya "sh" iliandikwa kwa alama ya dola ikiwa herufi kubwa, na alama ya senti ikiwa ndogo. Fikiria mtoto wa darasa la kwanza anayeanza jina lake kwa alama ya dola! Baadaye ilirekebishwa, ikawa ş. Lakini kilichowanyima watu vitabu zaidi ni mambo mengine: Akademia ya Sayansi ilifungwa mwaka 1998, elimu ya shule ikapunguzwa hadi miaka 9, na mwaka 2005 ikaja amri ya kufunga maktaba za mikoani na vijijini. Kitabu cha Kikirili kinaweza kuchapwa upya kwa Kilatini. Maktaba iliyofungwa haimpi mtu kitabu cha herufi yoyote.

Uzbekistan ilipitisha sheria ya kuhamia Kilatini mwaka huohuo wa 1993, ikaenda polepole, na hadi leo herufi mbili zinatumika bega kwa bega. Turkmenistan ilimaliza safari. Nakiri kwamba ilimaliza upesi kwa sababu hapakuwa na mtu wa kubisha.

Lawama yangu mimi iko kwingine. Kiturkmeni kimehifadhi irabu ndefu za kale ambazo Kituruki cha Istanbul kimezipoteza karibu zote. "At" fupi ni farasi. Ivute, "aat", ni jina. "Ot" fupi ni nyasi. Ivute, ni moto. Kwa watu waliofuga farasi aina ya Akhal-Teke, farasi na jina ni vitu viwili vizito, lakini kwenye karatasi vyote ni "at". Kikirili hakikuonyesha tofauti hiyo, na 1993, nafasi ilipokuwa wazi kabisa, hawakuionyesha vilevile, isipokuwa kwa ü ndefu, kama katika "süýt", maziwa. S yenyewe hutamkwa kama "th" yetu na z kama "dh", hivyo "söz", neno, Mswahili angeisikia karibu na "thodh". Hilo halisumbui, maana ni kanuni moja tu. Irabu ndefu hazina kanuni; mgeni hukariri neno moja moja.

Na upo ukuta ambao Kilatini kiliuacha umesimama. Waturkmeni wa Iran, huko Gonbad-e Kavus na nyanda za Golestan, na wale wa Afghanistan, bado huandika kwa herufi za Kiarabu. "Kitap", "galam" na "dünýä" zinaeleweka pande zote, hata kwetu, lakini gazeti la Ashgabat haliwasomeki kirahisi wasiojua Kilatini.

Magtymguly, mshairi wao mkuu wa karne ya 18, alizikwa Ak-Tokay, ambayo leo iko upande wa Iran. Mwaka 2024 Ashgabat iliadhimisha miaka 300 ya kuzaliwa kwake, na Oktoba rais wa Iran akahudhuria. Wazee wa pande zote mbili za mpaka wanayajua mashairi hayo kwa moyo. Wakifungua kitabu, mmoja anaanzia kushoto, mwenzake kulia.