Mashine ya Baba Mkwe

Wenzangu mlioa mkapewa mke. Mimi nilipewa mke na mashine ya kukata majani. Si ya petroli, wala ya umeme. Ni ile ya kusukuma, chuma kitupu: magurudumu mawili, mpini wa mbao, na silinda ya visu vilivyojisokota. Baba mkwe alikuwa mtunza bustani kwa meneja wa shamba la mkonge huku Tanga, na meneja alipofungasha virago mashine ikabaki kwake. Wanawe wa kiume wapo, tena wana miili. Siku ya kugawiwa, kila mmoja aliamka na mgongo.

"Una bahati bwana, hununui petroli." Hii kauli nimeichoka. Petroli sinunui, ni kweli. Inaninywa mimi.

Masika ndiyo kabisa. Mvua ikikatika siku moja, ukoka umeshafika kwenye vifundo. Majani mabichi yakilowa yanajisokota kwenye visu, unasimama, unayachomoa kwa mkono, unasukuma hatua mbili, unasimama tena. Halafu kuna vile vibua virefu vya mbegu. Mashine ikifika vinainama, ikishapita vinasimama wima, kama wafanyakazi wa ofisini bosi akikatiza. Na kijiti cha muarobaini, kidogo tu, kikiingia kati ya visu, kila kitu kinaganda papo hapo isipokuwa mimi. Mpini unanipokea kwa tumbo.

Watu wanaojua wanasema hizi mashine zinakata vizuri kuliko zote, maana zinakata kwa mtindo wa mkasi: kisu kinachozunguka kinakutana na kisu cha chini kilichotulia, jani liko katikati. Maneno matamu hayo. Maana yake visu vigusane kwa unywele tu. Ukikaza skrubu imezidi, inapiga kelele mtaa mzima na haisukumiki. Ukilegeza, majani yanatafunwa. Na skrubu ziko pande zote mbili; ukibembeleza kulia, kushoto kunanuna.

Baba mkwe akija, "Shikamoo baba." "Marahaba, iko wapi?" Binti yake hajamuuliza, wajukuu hajawaona. Anachuchumaa, anachana kipande cha gazeti, anakiweka kwenye kisu cha chini, anazungusha silinda taratibu kwa kidole. Karatasi ikikatika safi, ananyamaza, na hiyo ndiyo sifa yenyewe. Ikikunjika, nasomewa habari za meneja na nidhamu ya zamani mpaka chai inapoa.

Nilimwita yule fundi anayenoa visu kwa baiskeli. Akaizunguka, akagusa kisu kimoja kwa dole gumba, akafuata msokoto wake kwa macho mpaka mwisho, akauliza, "Sasa hiki kinaanzia wapi?" Akapanda baiskeli yake akaenda zake. Kwa hiyo nanoa mwenyewe: napaka visu ule uji wa msasa wa kusagia valvu za magari, nazungusha silinda kinyumenyume mpaka bega linakataa. Uji huo ukiingia kwenye kucha, hautoki hata kwa sabuni ya unga. Mafuta ya kulainishia ni ya cherehani, na mwenye cherehani anayahesabu kwa tone.

Balaa hili lililetwa na Mwingereza mmoja, Edwin Budding wa Stroud, mwaka 1830. Kiwandani kulikuwa na mashine ya kunyoa manyoya ya kitambaa cha sufu, naye akawaza, mbona na majani yananyoleka. Inasimuliwa kwamba aliijaribu usiku ili majirani wasimwone kichaa. Mtu mwenye akili sana. Mimi nasukuma Jumamosi mchana, na mtaa wote uko barazani.

Na nati zake ni za inchi! Spana zangu zote ni za milimita. Inayokubali ni spana malaya peke yake, ile inayopanuliwa na kubanwa mdomo ikae kwenye nati yoyote, na huyohuyo Budding anatajwa kwamba aliibuni spana ya namna hiyo pia. Bila shaka alishaiona shida niliyonayo.

Vijana wa vyuma chakavu wakipita na mkokoteni, wanapunguza mwendo getini kwangu. Hawasemi kitu. Wanaipima kwa macho, wananipima na mimi.

Anayeniudhi zaidi ni jirani. Ana fyekeo, kipande cha bapa na mpini, basi. Anafyeka huku anapiga mluzi, anamaliza, anaoga, anavaa kanzu, anatoka na kikombe cha kahawa, mimi bado nimechuchumaa na skrubu ya kushoto. "Jirani, leo unakata au unatengeneza?"

Juzi kaja mwenyewe, mpole, suruali imelowa mpaka magotini. Bomba lake limepasuka, anaomba spana malaya.

"Inatumika," nikamwambia.

"Inatumika wapi, na umekaa?"

"Inatumika."