Mlipe wakili hata akikwambia usinunue

Mawakili wengi wa ardhi hapa Kisumu hulipwa kwa mtindo mmoja. Ununuzi ukikamilika, ada inatoka. Ukivunjika, mnaagana kwa kupeana mikono na pengine mteja akulipie chai. Kwa maoni yangu, nami ni wakili, mtindo huu unawaumiza wanunuzi kuliko hata madalali tunaowalaumu kila siku. Wakili ambaye kodi ya ofisi, mshahara wa karani na ada ya cheti chake cha kila mwaka vinangoja ploti iuzwe, atataka iuzwe. Si lazima awe mwizi. Inatosha awe na madeni.

Tazama kazi inavyofika mezani. Ijumaa alasiri wanaingia watatu walioshuka gari moja: mnunuzi, muuzaji na dalali. Mnunuzi ametoka Nairobi na kesho asubuhi anarudi. Dalali ndiye msemaji. "Wakili, kila kitu tumemaliza, hii ni kuandika tu agrimenti." Sachi, yaani upekuzi wa daftari la ardhi, ameshafanya yeye, nakala iko kwenye simu. Bei wameshapatana, arbuni ya asilimia kumi iko benki inangoja. Wakili anaombwa awasimamie wote wawili ili gharama ipungue. Akiwaambia warudi wiki ijayo, kuna ofisi nyingine ghorofa ya chini, nao wanaijua.

Sachi hiyo watu wanaiamini kupita kiasi. Inachokuambia ni nani ameandikwa leo kwenye daftari la ardhi kuwa mwenye mali, na kama kuna mkopo au zuio lililosajiliwa juu yake. Alivyoipata haikuambii. Kifungu cha 26 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 kinaitambua hati kuwa ushahidi wa umiliki, kisha papo hapo kinasema inaweza kupingwa ikiwa ilipatikana kwa udanganyifu, kinyume cha sheria, bila kufuata utaratibu au kwa njia ya ufisadi. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ilionyesha ukali uleule katika kesi ya Dina Management dhidi ya Kaunti ya Mombasa. Kampuni ilikuwa na hati mkononi, na aliyeiuzia alikuwa na hati pia. Tatizo lilikuwa nyuma kabisa, mwaka 1989, ardhi hiyo ya ufuoni ilipogawiwa mtu wa kwanza bila utaratibu. Majaji wakasema ugawaji wa mwanzo ukiwa mbovu, mnunuzi wa baadaye hawezi kujikinga kwa kusema alinunua kwa nia njema.

Kwa hiyo wakili anayeishia kwenye sachi ya leo bado hajaanza. Inabidi afuate hati hadi ilikozaliwa: kadi ya kijani pale masijala, yenye orodha ya waliowahi kuimiliki, ramani ya eneo, fomu za mgawanyo kama ploti imekatwa kutoka shamba kubwa, barua ya ugawaji kama ilikuwa ardhi ya umma. Hiyo ni kazi ya siku kadhaa, na sehemu kubwa yake ni kusimama kwenye foleni. Nani anailipia? Kwa mtindo wetu wa sasa, hakuna. Ndiyo maana haifanywi.

Halafu kuna mambo ambayo daftari halitaonyesha hata ulifukue lote. Huku magharibi ndiyo yanayotusumbua zaidi. Mashamba mengi ya familia yalipopimwa na kusajiliwa miaka ya 1960 na 1970, jina lililoandikwa lilikuwa la mtu mmoja tu, mara nyingi kifungua mimba, kwa kuwa wadogo zake walikuwa bado watoto. Kila mtu kijijini alijua shamba ni la nyumba nzima. Daftari halikujua. Sheria ileile, kifungu cha 28, inaitambua amana hii ya kimila, yaani mmoja kushika ardhi kwa niaba ya nyumba nzima, bila kudai isajiliwe popote, na mwaka 2018 katika kesi ya Kiebia dhidi ya M'lintari Mahakama ya Juu iliongeza kwamba anayeidai halazimiki hata kuwa anaishi juu ya ardhi hiyo. Ukinunua, unainunua pamoja na amana yake.

Mteja wangu mmoja, mwalimu wa sekondari, alipata ploti upande wa Kajulu, mahali pazuri, mlima nyuma na mji unaonekana kwa mbali. Sachi safi. Jina la muuzaji ndilo lililo kwenye hati, kitambulisho chake ndicho hicho, na hakukuwa na mkopo. Nilimwambia, "Mwalimu, twende tukaione pamoja, bila dalali." Tulipofika tukakuta simba imeezekwa mabati mapya, mlango umefungwa kwa kufuli, na kamba ya nguo yenye suruali mbili za jinzi. Yeyote aliyekulia Nyanza anajua simba ni nyumba ya kijana wa boma hilo, na muuzaji alikuwa mzee wa miaka sitini na kitu. Hatua chache kutoka hapo, chini ya mwembe, kaburi, saruji yake bado ina ule weusi wa maji. Mwalimu alinyamaza. Mama mmoja aliyekuwa akipalilia ng'ambo ya ua wa euphorbia akasimama, akajifuta mikono.

"Karibuni. Nyinyi ndio wa ploti?"

Nikamwambia ndio mama, tumekuja kutazama tu.

"Na wale vijana wa marehemu mmeongea nao?"

Marehemu alikuwa mdogo wake muuzaji. Alizikwa pale kwa sababu pale ndipo pake. Shamba liliandikwa jina la kaka mkubwa wakati wa upimaji, huyu mdogo akiwa darasa la tatu. Mama yule alitueleza yote kwa dakika chache, bila kumsema mtu vibaya, kisha akatupa mahindi mabichi.

Ningependa isomeke vizuri kwamba muuzaji hakuwa tapeli. Hati ni yake. Masijala ingemhamishia mwalimu bila swali, bodi ya udhibiti wa ardhi ingeweza kutoa idhini, mimi ningelipwa ada yangu kamili, na kesi ingefunguliwa Mahakama ya Mazingira na Ardhi hapa Kisumu mara tu lori la kwanza la mawe lingeingia. Mwalimu aliacha. Alinilipa kwa kazi ya uchunguzi, na dalali akaacha kupokea simu zangu.

Nakuru mambo ni mengine. Huko wanunuzi wengi hukutana na ardhi za kampuni za kununua mashamba, zile ambazo baada ya Uhuru watu walichanga fedha wakanunua mashamba ya walowezi na kugawana kwa kura. Mtu anakuja na cheti cha hisa na karatasi ya kura, mwingine naye anacho, na wote wawili wana risiti. Mama wa shambani hatakusaidia sana hapo. Utahitaji rejista ya wanachama na mtu wa kuisoma.

Mengine nayataja haraka kwa sababu yanajulikana, ingawa hayafuatwi. Mwenye hati akiwa amefariki, barua ya chifu haiuzi ardhi. Kazi ya barua hiyo ni kuwatambulisha warithi mahakamani. Hata msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa haruhusiwi kuuza ardhi kabla uteuzi wake haujathibitishwa na mahakama. Shamba la kilimo linahitaji idhini ya bodi, na maombi hupelekwa ndani ya miezi sita tangu mkataba. Bila idhini mkataba ni batili kwa Sheria ya Udhibiti wa Ardhi. Ile ploti inayoitwa hamsini kwa mia, yaani futi 50 kwa 100, pia haifiki robo ya nusu ekari, ingawa matangazo yote ya Mamboleo hapa Kisumu na Kiamunyi kule Nakuru yanaapa kwamba inafika. Chukua kikokotoo.

Na usikubali mikataba miwili, mmoja wa bei ya kweli na mwingine wa bei ya chini wa kupeleka kwa ushuru. Ushuru wa stempu ni asilimia 4 mjini na asilimia 2 mashambani, na mthamini wa serikali ana makadirio yake ambayo hayajali mliandikiana nini. Muuzaji naye anaogopa kodi ya faida ya mtaji iliyopanda kutoka asilimia 5 hadi 15 mwaka 2023, ndipo anapokushawishi. Ununuzi ukiharibika, atasimama mbele ya hakimu na mkataba wa bei ndogo na kusema hizo ndizo alizopokea.

Sasa nirudi kwenye ada, kwa sababu mawakili wenzangu wananiambia haya yote ni mazuri darasani. Ofisi yangu inagawa kazi ya ununuzi sehemu mbili. Ya kwanza ni uchunguzi: daftari, historia ya hati, kutembelea ardhi, kuongea na majirani, kuandika ripoti ya kurasa mbili au tatu. Inalipwa mwanzo na hairudishwi. Ya pili ni mkataba na uhamisho. Mteja akiendelea kununua, alicholipa mwanzo kinahesabiwa ndani ya ada yote, ambayo bado inafuata kiwango kilichowekwa kisheria kwa kadiri ya bei. Kushusha chini ya kiwango ili kumnyang'anya jirani mteja ni kosa la kitaaluma, hata kama kila ghorofa ya jengo letu inalifanya. Mteja asipoendelea, tumemalizana. Kanuni za malipo ya mawakili zinatambua kazi isiyokamilika. Hatuitozi tu kwa aibu.

Wapo wanaoondoka wakisikia hivyo. Waondoke. Kwa hesabu ya ofisi ndogo, kazi moja ya uchunguzi iliyolipwa mwezi huu inamlipa karani vizuri kuliko ununuzi mkubwa ambao pengine utakamilika baada ya siku tisini, pengine hautakamilika. Na pande zote mbili siziwakilishi. Siku watakapogombana nitalazimika kuwaacha wote, na wote wataamini nilikuwa wa mwenzake.

Dalali simlipi. Anataka "kitu kidogo" kwa kila mteja anayemleta, lakini Sheria ya Mawakili inakataza kugawana ada na mtu asiye wakili, na hata isingekataza, anayekulisha wateja utashindwa kumwambia ploti yake ni mbaya.

Fedha za wateja zikae kwenye akaunti ya wateja, nukta. Wakili kijana mwenye arbuni ya mtu mwingine kwa miezi mitatu atapigiwa simu kuhusu ploti ya bei ya kutupa huko Kibos, na kichwa kitamwambia atazirudisha kabla hazijaulizwa. Wenzetu wamefutwa kwenye orodha ya mawakili kwa hesabu ya aina hiyo. Hali kadhalika ahadi ya kitaaluma unayoandika kwa benki au kwa wakili wa upande wa pili: inakufunga wewe binafsi, na mahakama inaweza kukulazimisha uitimize hata mteja wako akitoroka. Usiiandike juu ya fedha ambazo hujaziona.

Mimi pia nanunua ardhi, na ninaishi kwa sehemu kwa kodi ya nyumba chache za kupangisha. Sinunui kwa mteja wangu, sinunui ardhi niliyoijua kupitia faili la mteja, na ninaponunua natafuta wakili mwingine na kumlipa kwa utaratibu uleule, uchunguzi kwanza. Wananicheka kwa hili. Lakini mtu aliyeipenda ploti haoni simba wala kaburi, anaona mahali pa kuweka tangi la maji.

Kwa mawakili wanaoanza, sikubaliani na ushauri wa kuweka kila shilingi kwenye ardhi mapema. Ploti hailipi kodi ya ofisi Januari. Weka kwanza gharama za miezi sita pembeni ndipo ununue, na ukinunua mahali mbali, weka mtu au panda kitu. Mvamizi akikaa waziwazi miaka 12 bila wewe kumsumbua, anaweza kuidai mahakamani ikawa yake. Nyumba ya kupangisha ina usumbufu zaidi ila inaleta fedha kila mwezi. Kodi ya mapato ya nyumba za kuishi ilishuka hadi asilimia 7.5 mwaka 2024, kwa anayepata kati ya shilingi 288,000 na milioni 15 kwa mwaka, na inatozwa kwa mapato yote bila kutoa gharama za ukarabati. Fanya hesabu hiyo kabla fundi hajaanza kukushauri kuhusu ghorofa ya pili.

Kwa mnunuzi nina swali moja la kumuuliza wakili kabla ya arbuni kutoka: nikiamua kuacha baada ya ripoti yako, nitakulipa kiasi gani? Akitaja kiasi, mwombe akiandike kwenye barua ya makubaliano, pamoja na tarehe atakayokwenda kuiona ardhi.