Nyumba ya Vyumba Sita Kariakoo Haina Thamani kwa Nani?

Juzi nimetumiwa tangazo la dalali: kiwanja kinauzwa Kariakoo, Dar es Salaam, "nyumba iliyopo haina thamani". Pichani kuna nyumba ya vyumba sita, bati limeshika kutu, kibaraza bado kimenyooka. Nimeumia, na hasira hazijanitoka.

Haina thamani kwa nani? Ukiuliza majengo ya kihistoria ya Dar, utatajiwa Boma la Kale, Kanisa la Azania Front na Kanisa la Mtakatifu Yosefu. Sawa, yatunzwe. Lakini bibi yangu hakulala humo, wala wako. Wakoloni waliacha Mnazi Mmoja wazi makusudi ili Waafrika wakae ng'ambo yake, huku Kariakoo, mahali palipobaki na jina la kambi ya wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza. Na Waafrika wenyewe wakajenga hizi nyumba: korido katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, uani jiko, choo na kamba za kuanikia, mbele kibaraza.

Kibaraza ndicho ninachokililia zaidi. Asubuhi kilikuwa cha mama wa vitumbua, mchana cha fundi cherehani, alasiri wazee wameweka bao, usiku kahawa na kashata. Mpangaji aliyetoka Songea na aliyetoka Kigoma walijikuta kwenye mkeka mmoja, wakibishana Simba na Yanga mpaka mwenye nyumba awafukuze wakalale. Mtu akifiwa, msiba ulikaa hapo hapo na mtaa mzima ukaja. Siasa nazo hazikuwa mbali. Mwalimu Nyerere alipokuwa akifundisha Pugu, alikuwa akifikia Kariakoo kwa akina Abdulwahid Sykes, mmoja wa waasisi wa TANU, na chama hicho cha kupigania uhuru kilizaliwa Julai 7, 1954 katika mtaa tunaouita leo Lumumba. Halafu tunaambiwa historia ya mji huu iko kwenye majengo yale ya ufukweni tu!

Najua, choo kimoja kwa familia sita si jambo la kutamani. Mwenye nyumba naye ana watoto wa kusomesha, na kwa bei za viwanja vya Kariakoo siwezi kumwambia asiuze. Ila ghorofa za fremu za maduka zinazojengwa mahali pake tusizipigie makofi bila kuuliza zimejengwaje. Novemba 2024 moja liliporomoka Kariakoo hiyo hiyo, likaua watu zaidi ya 20.

Ninachodai kinawezekana. Serikali inunue nyumba chache kwa bei ya haki, Kariakoo, Ilala na Magomeni, izikarabati kwa mafundi wanaojua miti na udongo, iboreshe vyoo, na wapangaji waendelee kuishi humo. Zinazobaki, kibali cha kubomoa kisitoke kabla hazijapimwa na kupigwa picha, na wazee waliozaliwa humo wakarekodiwa: nani alikaa chumba kipi, kodi ilikuwa shilingi ngapi, maji walichota wapi, harusi zilichezwa uani au barabarani. Wanafunzi wa usanifu majengo wa Chuo Kikuu Ardhi wako mji huu huu, na kazi hii wanaiweza. Waanze na Kariakoo, maana huko ndiko zinakoisha haraka, na wazee wenyewe wanatangulia kila mwaka.