Lubak ya Waafar na lubak ya Manila

Kwa Waafar wa Pembe ya Afrika, lubak ni simba. Kwa Watagalog wa Ufilipino, lubak ni shimo la barabarani, lile linalorusha abiria wa viti vya nyuma. Barabara iliyoharibika kabisa wanaiita lubak-lubak, kama sisi tunavyosema mashimo mashimo.

Maneno ya namna hii yakitajwa, hakosi mtu wa kushangilia: "Kumbe hawa ni ndugu!" Mimi napinga, tena kwa nguvu. Simba wa Kiafar ana jamaa zake, na wako jirani tu. Wasaho wa Eritrea nao wanasema lubak. Wasomali wanasema libaax, na hiyo x inatamkwa kooni kama h nzito. Hao wote ni Wakushi, lugha zao ni za ukoo mmoja. Kitagalog kina ukoo wake mwingine kabisa, pamoja na Kimalei na Kimalagasi, ambacho kiko hapo tu ng'ambo ya Msumbiji.

Na ndugu wa kweli mara nyingi hawafanani sura. Tano kwa Kitagalog ni lima, kwa Kimalagasi ni dimy. Kwa sikio tu, nani angeyaunganisha? Lakini tazama ngozi: Mmalei anasema kulit, Mmalagasi anasema hoditra. Palipokuwa na l mbele ya i, Madagaska pana d, huku na huku. Badiliko moja likijirudia hivyo neno baada ya neno, hapo nakubali kuna undugu. Neno moja lililookotwa halinitoshi. Abiria wa Manila humwambia dereva "Mama, para po", naye dereva ni mwanamume mwenye ndevu: mama ni mwanamume usiyemjua, para ni simamisha, po ni ya heshima. Hakuna mama hapo, wala samaki wa kuparwa.

Jambo hili linanigusa kwa sababu nasi tumeonewa kwa mtindo huohuo. Mpaka leo wapo wanaosema Kiswahili ni Kiarabu kilichochakaa, na ushahidi wao ni kuokota: kitabu, sahani, habari. Sawa, kitabu tumekichukua kwa Waarabu. Lakini kilipofika kwetu tukasikia ki- ya kiti na kisu, tukasema vitabu viwili vimepotea, kila neno likivaa vi- yake. Mwarabu kwa wingi husema kutub.