Ritani mtandaoni: foleni imehama, haijaisha

Wiki ya mwisho ya Juni, pita mtaa wowote wenye saiba nchini Kenya uone watu walivyojipanga kuwasilisha ritani, yaani taarifa ya mwaka ya mapato na kodi. Ni foleni ile ile ya enzi za fomu za karatasi, ila sasa haiko mlangoni pa Mamlaka ya Ushuru, KRA. Imehamia kwa kijana mwenye kompyuta mbili na printa.

Juni moja nilisimama nyuma ya muuguzi aliyeshika fomu yake ya P9, ile ya mwajiri inayoonyesha mshahara na kodi iliyokatwa, imekunjwa mara nne. Kijana hakuiomba. Alimuuliza jina, akafungua daftari lililochakaa, akasoma humo nywila ya mama yule, aliyoiandika yeye mwenyewe mwaka uliotangulia. Dakika chache, stakabadhi ikatoka. Shilingi 200. Nilichungulia (ndiyo, nilichungulia): ritani ya sufuri. Mtu anayekatwa PAYE, kodi ya mshahara, kila mwezi ametangaza kwamba hakupata hata ndururu.

Sisemi turudi kwenye karatasi. Kwa aliyezoea kompyuta, iTax, mfumo wa KRA wa mtandaoni, ni nafuu kubwa: muuguzi wa Lodwar anaweza kuwasilisha ritani saa nne za usiku akiwa kwake, stakabadhi ikamfikia papo hapo kwa barua pepe. Hakuna karani wa kumwambia faili limepotea, wala wa kungojea "chai" ili lipatikane.

Lakini karani hajatoweka. Amebadilisha kiti, na huyu wa sasa hajaapishwa wala hawajibiki kwa yeyote. Ana nywila za mtaa mzima, na akikosea, jina lililo kwenye ritani si lake.

Kuna wanaouliza, kwa haki kabisa, kwa nini mwajiriwa ajaze chochote. Mwajiri hupeleka PAYE kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata, kila mfanyakazi na PIN yake, namba ya mlipa kodi. Serikali inajua tayari. Jibu la upande wa pili ni kwamba mwajiriwa huyo huyo huenda ana duka au shamba la chai, na mwajiri hawezi kulijua hilo. Hoja hii nakubaliana nayo. Ndiyo maana naona njia iliyo sawa ni ile ya mfumo kumjazia mwajiriwa takwimu za mshahara, yeye akabaki kuzithibitisha na kuongeza ya pembeni. iTax imeanza kufanya hivyo kwa wenye mshahara pekee. Ila haisaidii kitu ikiwa mwenye ritani haioni skrini.

Na wengi hawataki kuiona. Wanachoogopa ni faini ya kuchelewa baada ya Juni 30: shilingi 2,000, au asilimia 5 ya kodi inayodaiwa ikiwa hiyo ndiyo kubwa. Wakishapata stakabadhi, ya ndani si shughuli yao. Yule muuguzi aliikunja P9 yake mara ya tano, akaitia mkobani pamoja na stakabadhi, akamwambia kijana, "Ahsante mwanangu, tuonane mwakani."