Mishipa ya koo kufungwa mara moja hakutoshi

Baba mdogo alitapika damu usiku wa kuamkia Jumapili, beseni nusu. Miezi miwili kabla ya hapo alikuwa akitibiwa vidonda vya tumbo kwenye zahanati, na mwenyewe akinunua diklofenaki dukani kwa ajili ya mgongo, maana alivuta nyavu tangu ujana. Hakuna aliyefikiria ini. Tulipomfikisha hospitali ya rufaa kipimo cha wingi wa damu yake kilisoma 5 tu, na choo cheusi kama lami. Daktari aliyemwingizia mpira wa kamera alitoka akatuambia si vidonda. Ini limesinyaa kwa homa ya ini B, na mishipa ya kwenye koo la chakula imevimba hadi mmoja ukapasuka.

Sisi watu wa ziwani tunaweza kulielewa jambo hili bila shida. Mto ukizibwa na magugu, maji hayasimami. Yanapanda kwenye majaruba ya watu. Ini likijaa makovu, damu inayotoka kwenye utumbo na bandama inakosa njia, presha inapanda, damu inahamia kwenye vijishipa vya koo na tumbo ambavyo havikuumbwa kubeba mzigo huo. Vinavimba, kuta zinakuwa nyembamba, siku moja vinapasuka. Na mara nyingi mgonjwa haumwi chochote hadi siku hiyo.

Wodini tuligombana na manesi kuhusu damu. Baba mdogo aliongezewa chupa mbili, damu ikafika 7 na kidogo, wakasimama. Shangazi alilia kwamba wanambania ndugu yetu, na mimi nilimuunga mkono kwa sauti kubwa. Tulikosea. Utafiti uliofanyika Barcelona na kuchapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba wagonjwa wanaotoka damu tumboni walioongezewa pale tu damu iliposhuka chini ya 7 walipona zaidi kuliko waliojaziwa mapema. Ukimjazia kupita kiasi, presha ya mishipa ile ile iliyopasuka inapanda tena. Manesi walijua. Natamani mtu angekaa na shangazi dakika tano tu amweleze hivyo.

Alipewa pia dripu ya kupunguza presha ya mishipa hiyo na sindano za antibayotiki, kwa sababu mgonjwa wa ini anayetoka damu hushambuliwa na bakteria upesi. Kisha akafungwa. Mpira wa kamera huvishwa kikombe kidogo mbele, mshipa unanyonywa ndani ya kikombe, kipete cha mpira kinaachiwa na kuubana kwenye shina lake. Mshipa unakosa damu, unakufa na kudondoka baada ya siku kadhaa, panabaki kidonda kidogo kinachokuja kuwa kovu. Baba mdogo alifungwa vipete vitano. Siku ya nne alikuwa anakunywa uji na kuuliza bei ya dagaa.

Hapo ndipo penye maoni yangu, na nayasema kwa uchungu. Kufunga mara ya kwanza ni kuzima moto tu. Tiba yenyewe ni kurudi kila baada ya wiki mbili hadi nne, mishipa iliyobaki ifungwe mpaka isionekane, ambayo kwa kawaida huchukua mara mbili hadi nne, halafu kuangaliwa tena kila baada ya miezi kadhaa. Pamoja na hayo kumeza propranololi, kidonge cha bei nafuu ambacho Didier Lebrec na wenzake wa Ufaransa walionyesha tangu mwaka 1981 kwamba kinapunguza kutoka damu tena. Mgonjwa asipofanya lolote kati ya haya, uwezekano wa kutoka damu tena ndani ya mwaka mmoja au miwili unazidi nusu.

Baba mdogo aliandikiwa kurudi baada ya wiki tatu. Tarehe ilikuwa kwenye mstari wa chini wa karatasi ya kuruhusiwa, kwa Kiingereza. Nilipomkumbusha alinijibu, "Mwanangu, mimi nimepona. Hela ya nauli ninunulie nyuzi za nyavu." Propranololi zilipoisha hakununua nyingine. Hakuna aliyempigia simu. Mwezi wa nne baada ya kufungwa alitapika tena, na safari hii hakufika kivukoni.

Nchi hii inajua kumfuatilia mgonjwa. Anayetumia ARV akikosa tarehe yake CTC, yaani kliniki ya wanaoishi na VVU, anapigiwa simu, asipopatikana anatafutwa hadi nyumbani. Kazi hiyo imeokoa watu wengi na naiheshimu sana. Kwa nini mtu aliyefungwa mishipa ya koo, ambaye tarehe yake ni nzito vile vile, aachwe na karatasi? Hawa si maelfu kwa kila hospitali. Daftari moja kwenye chumba cha endoskopi, kile cha mpira wa kamera, namba mbili za simu, ya mgonjwa na ya ndugu, na nesi mmoja mwenye salio. Gharama ya vipete ni mzigo mkubwa zaidi, sisi tulilipa mfukoni, na bima ikiubeba nitafurahi. Lakini simu haihitaji kusubiri bima.

Kanda ya Ziwa tuna sababu ya ziada. Kichocho cha tumbo huziba njia hizo hizo za damu ndani ya ini, ila mara nyingi ini lenyewe linaendelea kufanya kazi yake vizuri. Mgonjwa wa namna hiyo akifungwa mishipa hadi iishe, ana miaka mingi mbele yake. Na kuhusu homa ya ini B, chanjo ya watoto wachanga ilianza Tanzania mwaka 2002, kwa hiyo watu wazima wengi tunaosoma hapa hatukuipata. Nenda kapime.

Jirani yetu, mama wa watoto watatu, mishipa yake ilitokana na kichocho. Tangu msiba wetu mimi ndiye ninayemkumbusha tarehe. Mara ya tatu daktari hakukuta mshipa wa kufunga. Amepangiwa kuangaliwa tena baada ya miezi 3, na nauli yake ya kwenda na kurudi tumeshaiweka.