Kaktasi Yako Haina Kiu

Jamani, kaktasi ya nguzo imewakosea nini? Imezoea majabali na jua la Amerika, ikavushwa bahari nzima, ikaja kufia Sinza kwa kunyweshwa kikombe kila asubuhi kama mgonjwa wa wodini!

Ikitokeza doa, mtu mbio duka la pembejeo: "Nipe dawa ya ukungu." Ukungu upi? Umebonyeza? Kidole si unacho?

Doa gumu la kahawia linalopanda polepole kutoka shinani ni gome la uzee. Mbona visigino vyako vimepasuka na hatujakupulizia dawa? Weupe au unjano upande mmoja tu, ule unaotazama jua la mchana, ni kuungua. Uliitoa sebuleni ukaianika siku hiyohiyo, badala ya kuizoesha wiki mbili tatu. Kovu halifutiki, lizoee. Rangi ya kutu inayoanzia kwenye ncha changa ni utitiri, chukua lenzi uwaone. Kama pamba kwenye miiba ni mdudu kidung'ata. Mguse mmojammoja kwa spiriti ya asilimia 70, kisha ing'oe uchungulie mizizi, maana nako hujificha.

Sasa laini, nyeusi, inanuka: hiyo imeoza. Na hapo ndipo watu huongeza maji, eti imelegea kwa kiu! Chukua kisu kikali, kifute kwa spiriti, kata juu ya ubovu. Tazama lile duara la mishipa katikati. Likiwa na kitone hata kimoja cha kahawia au rangi ya chungwa, futa kisu, kata tena. Usiionee huruma. Ukiacha kitone, mwezi ujao unakata tena, na nguzo ya mita inabaki kama kiazi.

Kipande kisimamishe wima kivulini penye hewa: chembamba wiki mbili, kinene mwezi au zaidi, hadi kidonda kikauke kama ngozi ya ngoma. Ukikilaza, mizizi itatokea ubavuni na ncha itapinda kufuata mwanga.

Ukikata yakatoka maziwa meupe, pole, hiyo si kaktasi. Ni ndugu wa mnyaa. Linda macho.

Udongo uwe nusu, nusu nyingine mchanga wa mtoni wenye chembe kubwa na kokoto ndogo. Si mchanga wa Coco Beach, una chumvi! Chungu kizidi unene wa nguzo kwa sentimita 3 hadi 5 tu, kiwe na tundu, na hiyo sahani ya chini inayofuga maji, itoe. Masika, isogeze barazani. Kabla ya kumwagilia, chomeka kijiti cha mshikaki hadi chini. Kikitoka na unyevu, weka jagi chini.

Kipande kilichokatwa hakipewi tone mpaka mizizi ichipue. Tumeelewana? Tumeelewana.

Siku ya tatu: "Nimeinyunyizia kidogo tu, niliiona mpweke."